Gurudumu la Kisigino

Sanduku lilifika Kitangari siku ya Jumanne
juu ya bodaboda, limekazwa kwa mpira:
mota mbili, betri, nyaya za rangi nne,
na kibao kidogo chenye akili ya kuazima.
Magurudumu hayakuwemo.
Karatasi ilisema yamo.
Tukatia sahihi kwamba yamo.

Darasa la sita, watoto sitini na mmoja.
Nikauliza: hapa kwetu kuna duara gani?
Kifuniko cha ndoo, akasema Somoe.
Chapati, akasema mwingine, wakacheka kwa njaa.
Issa Chinguile, wa dawati la nyuma,
ambaye hesabu humkimbia kama kuku walioona kisu,
hakusema kitu.
Kesho yake alikuja na kandambili ya mama yake,
ya kulia. Ya kushoto ilikwenda na mbwa.
Akaikata kwa wembe, ulimi nje:
gurudumu moja mbele, penye vidole,
jingine nyuma, penye kisigino.

Miaka kumi na moja nimeandika ubaoni
pai ni ishirini na mbili kwa saba,
nao wakaitikia, ishirini na mbili kwa saba,
kama watu wanaotaja jina la mgeni asiyefika.
Mimi mwenyewe, Mungu shahidi,
sikuwahi kuzungusha uzi kwenye kitu chochote.

Siku ile tulizungusha.
Uzi wa katani, wa gunia la korosho,
ukalizunguka gurudumu la mbele mara moja,
ukanyooshwa juu ya rula:
ishirini na mbili.
Kipenyo, saba.
Somoe akapima tena. Akapima tena.
"Kumbe ipo kweli,"
kwa sauti ya mtu aliyekutana gulioni
na shangazi aliyemsikia kwa kutajwa tu.

Tukaibebesha roboti korosho moja.
Kutoka mezani kwangu hadi mlangoni,
mstari wa chaki, mita tatu na ushei.
Ikaondoka. Ikapinda kushoto.
Tukairudisha. Ikapinda kushoto,
ikagonga mguu wa dawati, ikaendelea kusukuma
kama mbuzi mwenye hoja.
Sakafu, akasema mmoja. Mota, akasema mwingine.
Inanusa maji, akasema Mfaume,
maana tangi la mvua liko upande ule.

Issa akaja kwa magoti kutoka nyuma.
"Kisiginoni palikuwa pembamba," akasema.
"Hapakutosha saba."
Alijua tangu jana. Hakuna aliyemuuliza.

Uzi tena: ishirini na moja na milimita nne.
Milimita sita pungufu, punje moja ya mbaazi.
Kila mzunguko mguu wa kushoto
unadaiwa mbaazi moja,
na deni dogo, likitembea vya kutosha,
hukufikisha mlango usio wako.

Tukakata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli,
tukauvisha kisigino.
Somoe akakunja uso:
"Mpira una unene wa milimita moja.
Kipenyo kimepungua mbili. Utatoshaje?"
Jibu nilikuwa nalo. Nikalitafuna.
Katika kazi zote za ualimu
hakuna ngumu kama kunyamaza.
Issa akachora duara sakafuni,
akaweka kidole juu yake: "Hapa moja."
Akakishusha chini yake: "Na hapa moja."

Ikaenda. Imenyooka, karibu imenyooka,
hadi shubiri moja kabla ya kizingiti,
betri ikakata roho.
Katika zile kelele korosho haikuonekana tena.
Sikuuliza.

Novemba, mtihani. Swali la tisa:
duara lina kipenyo cha sentimita kumi na nne,
tafuta mzingo.
Issa aliandika arobaini na nne,
na chini yake, kwa herufi za kujibana:
*kama halikukatwa kisiginoni.*

Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na nafasi ya maneno hayo.
Kalamu nyekundu ikakaa hewani kitambo.
Kisha nikaweka vema mbili,
moja ya arobaini na nne,
moja ya "kama".